Ziara ndefu ya baiskeli katika Nyanda za Juu Kusini

Ziara ya baiskeli ya milimani ni safari ya siku kadhaa au wiki kadhaa inayofanywa nje ya barabara za lami, mwendeshaji akibeba mwenyewe chakula, matandiko na vipuri vyake. Si mashindano: hakuna gari la msaada linalofuata nyuma, wala anayeshika saa. Makala hii inahusu upangaji wa ziara ya aina hiyo katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hasa kati ya Mbeya, uwanda wa Kitulo, Makete, Njombe na Matema iliyo ufukoni mwa Ziwa Nyasa.

Asili yake

Kuvuka nyika kwa baiskeli kulianza kabla ya baiskeli ya milimani yenyewe kubuniwa. Mwaka 1897 askari weusi wa Kikosi cha 25 cha jeshi la miguu la Marekani, chini ya Luteni James Moss, waliendesha kutoka Fort Missoula, Montana, hadi St. Louis. Walikwenda zaidi ya km 3,000 kwa baiskeli nzito zisizo na gia. Baiskeli za tairi pana tuzijuazo leo zilitokana na vijana wa Marin, California, katika miaka ya 1970. Tanzania iliingia katika historia hii Desemba 1984, binamu wawili Waingereza, Nicholas na Richard Crane, walipofika kilele cha Kilimanjaro wakiwa na baiskeli zao, ingawa mara nyingi baiskeli ndizo zilizowapanda wao mabegani.

Mwinuko kwanza, kilomita baadaye

Anayepanga kwa mara ya kwanza hupima kilomita kwenye ramani, akazigawa kwa siku alizo nazo, akaona mambo yamekwisha. Nyanda za Juu hazihesabiki hivyo. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo karibu mita 2,600, na vilele vya Mtorwi na Rungwe hukaribia mita 2,960. Ziwa Nyasa, linaloonekana kutoka kingo za milima hiyo hewa ikiwa safi, liko chini ya mita 500. Mwendeshaji mwenye mzigo, kwenye barabara ya vumbi, akipanda mita 300 hadi 400 kwa saa amejitahidi sana. Kwa hesabu hiyo, kutoka Mbeya hadi Kitulo ni takriban saa tatu za kupanda tu, na hapo tumejifanya kwamba njia haishuki mabondeni ili ipande tena. Inashuka, tena mara nyingi. Kilomita 40 ni siku kamili. Anayeandika 80 kwenye ratiba yake ajiandae kuendesha gizani.

Kwa hiyo ramani inayofaa ni yenye mistari ya mwinuko, kama zile za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita moja ni nusu kilomita. Hesabu mistari ambayo njia yako inaikata, ndipo uamue pa kulala. Ramani za simu nazo husaidia, lakini zipakue mapema, maana mtandao hukatika ukishaingia mabondeni. Kuna jambo ambalo ramani yoyote haitakwambia: daraja limesombwa au bado lipo? Hilo waulize madereva wa bodaboda. Wao wamepita jana.

Barabara ya Chimala hadi Matamba inastahili kutajwa peke yake. Hutoka tambarare za Usangu na kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona zake maarufu 57. Kuipanda ni jasho na subira tu. Kuishuka ndiko kwenye hatari, kwa sababu breki zinazobanwa mfululizo hupata moto, na rimu iliyopata joto inaweza kupasua tyubu. Simama kila baada ya kona kadhaa, gusa rimu kwa kidole, subiri ipoe. Upande wa Matema, anayetaka kuteremka kutoka uwandani moja kwa moja kupitia msitu wa milima ya Livingstone ajue kwamba anateremka zaidi ya mita 2,000 kwa njia za miguu, na kwamba huko baiskeli hukokotwa zaidi kuliko kuendeshwa.

Mwinuko hubadilisha hata jikoni. Kwenye mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzijoto 91 hivi, kwa hiyo maharage makavu yatakumalizia mafuta ya jiko kabla hayajaiva. Viazi mviringo, ambavyo Makete inavyo tele, ukivikata vidogo huiva bila taabu.

Msimu

Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, pengine Mei. Barabara hupitika vizuri kuanzia Juni hadi Oktoba, lakini Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi kali: usiku joto huweza kushuka chini ya sifuri na asubuhi majani yakawa meupe kwa barafu. Mfuko wa kulalia unaotosha pwani hautoshi huku.

Hapo ndipo penye mvutano wa ziara hii. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 na yenye ukubwa wa km² 413 hivi, inasifika kwa maua, zikiwamo aina zipatazo 45 za okidi, hata watu wakaiita Bustani ya Mungu. Maua hayo huchanua wakati wa mvua. Anayeyataka aje kati ya Desemba na Machi, akubali matope yanayoganda kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Kwa ziara ndefu, ushauri wa makala hii ni kiangazi. Maua yafuatwe safari nyingine, kwa gari.

Baiskeli na vipuri

Ubora wa baiskeli hupimwa kwa swali moja: ikiharibika kijijini kama Bulongwa, wilayani Makete, nani ataitengeneza? Karibu kila senta ina fundi, na kazi yake hustahili kutazamwa. Hutoa tyubu, huijaza upepo, huizamisha katika beseni la maji na kuizungusha taratibu mpaka mapovu yaonyeshe tundu. Kisha hukwangua, hupaka solusheni, huipuliza kidogo, ndipo hubandika kiraka. Dakika kumi umeondoka. Lakini tairi alizo nazo ni za inchi 28, za baiskeli kama Phoenix, na hizo haziingii kwenye rimu ya inchi 29 ya baiskeli ya kisasa, ingawa kwa jina tofauti inaonekana ndogo: rimu moja ina kipenyo cha mm 635, nyingine mm 622. Tairi za inchi 26 hupatikana kwa urahisi zaidi mijini, kwa sababu baiskeli nyingi za mtumba ni za kipimo hicho.

Breki za waya ni bora kuliko za mafuta, kwani waya hupatikana na kila fundi anaujua. Chagua tyubu zenye vali kama ya pikipiki, ili pampu ya fundi wa bodaboda ikufae. Beba tairi moja la akiba la kukunjwa, tyubu mbili, spoki za urefu wako, viungo vya cheni na pedi za breki. Tairi zisizo na tyubu ni nzuri mpaka zichanike. Dawa yake ya kuzibia haiuzwi dukani kijijini.

Vijijini na hifadhini

Kulala porini bila taarifa ni kujitafutia mashaka. Fika kijijini kabla ya jua kuzama, salimia, uliza ofisi ya mtendaji au nyumba ya mwenyekiti, jieleze utokako na uendako. Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa shule au chumba cha kanisa, na kesho yake utaambiwa njia fupi isiyo kwenye ramani. Ukikaribishwa ulanzi, pombe ya mianzi, kumbuka bado una mlima. Ndani ya hifadhi hulipiwa kiingilio, na ofisi ya hifadhi iulizwe mapema ni njia zipi zinazoruhusiwa kwa baiskeli. Kwa dharura, hospitali ya Ikonda, wilayani Makete, ndiyo tegemeo kubwa la eneo hilo. Iwekee alama kwenye ramani kabla ya kuondoka.

Kurudi nako kupangwe. Reli ya TAZARA hupita Mbeya, Chimala na Makambako, lakini ratiba yake ithibitishwe stesheni. Mabasi ya Njombe na Mbeya hupakia baiskeli kama mzigo, na bei yake hupatanwa na kondakta kabla haijaingia kwenye buti.