Kangaga Lisilo Kangaga

Mpita njia katika mji wa Mbinga, au katika vijiji vya ufuko wa Ziwa Nyasa kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay, aweza kuona barazani, ndani ya chungu au kopo kuukuu, mmea wa majani membamba kama unyoya wa ndege. Wengi huuita kangaga, na aliyeutazama kwa mbali hastahili lawama. Lakini kangaga halichanui wala halizai mbegu. Uzazi wake ni vumbi jepesi lililo chini ya majani, na vumbi hilo halioti ila penye unyevu. Mmea huu huchanua viua vyeupe, huzaa vitunda vinavyoiva vikawa vyeusi, na vile vinyuzi vya kijani vidhaniwavyo kuwa majani ni vijitawi vilivyoshika kazi ya majani. Majani yenyewe yamedhoofu yakawa magamba, na katika shina kubwa baadhi yake yamegeuka miiba. Huu ni asparagasi, nduguye ile inayolimwa Ulaya kwa kuliwa.

Ajabu ni kwamba mmea huu, ambao wengi hudhani umekuja pamoja na vyungu vya Wazungu, ni wa bara hili. Huota wenyewe katika misitu na vichaka vya mashariki ya Afrika hata Afrika Kusini. Yafaa kuuliza, basi, jinsi mwenyeji alivyopata kuhesabiwa mgeni.

Mwaka 1829 tabibu mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliona kangaga limechipuka ndani ya chupa iliyozibwa, alimokuwa amemhifadhi buu wa nondo. Kwa jambo hilo dogo alibuni sanduku la kioo la kusafirishia mimea hai baharini, na Waingereza wakashikwa na shauku ya makangaga hata mwaka 1855 mwandishi Charles Kingsley akaipa shauku hiyo jina la ugonjwa. Ndio wakati ule ule ambao Livingstone, pamoja na John Kirk aliyekuwa tabibu na mjuzi wa mimea, walifika Ziwa Nyasa, Septemba 1859. Asparagasi ya manyoya ilikwisha kuandikwa na Kunth, Mjerumani, mwaka 1850. Baker wa Kew akaipa jina jingine mwaka 1875. Na mwaka 1966 Jessop akayaunganisha majina hayo kuwa moja, Asparagus setaceus. Wauza maua hawakungoja wataalamu wapatane. Walikwisha kutambua kwamba tawi lake likikatwa hukaa siku nyingi bila kunyauka, jambo ambalo kangaga la kweli haliwezi, wakalitia katika mashada ya arusi. Sura ikawa ya kangaga, uvumilivu ukawa wa mwingine.

Wakati wa utawala wa Wajerumani wachumaji wa mimea walipita pande hizi. Walter Busse alifika Songea katika safari yake ya mwaka 1900 na 1901. Adolf Stolz, mmisionari wa Kyimbila kaskazini ya ziwa, alikausha maelfu ya matawi na kuyapeleka Ulaya. Sehemu kubwa ya hazina ya Berlin iliteketea kwa mabomu Machi 1943, na kilichosalia cha kazi ya Stolz ni hasa nakala zilizokuwa zimegawiwa kwingineko, kama vile Kew. Nchi iliyotoa majani hayo haikuambulia hata majivu.

Katika utunzaji, hata hivyo, nchi yenyewe ina la kufundisha. Asparagasi hustahimili ukame kwa kiasi. Kinachoiua upesi ni maji yaliyotuama. Wamatengo waliielewa zamani tabia ya maji katika miteremko yao. Mwishoni mwa mvua hufyeka nyasi, huzilaza katika mistari inayokatana, kisha huchimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Ndiyo ngolo, mashimo yanayozuia mmomonyoko huku nyasi zikioza kuwa mbolea. Mwenye chungu akichanganya udongo wa namna hiyo, wenye nyasi zilizooza, na mchanga kidogo, na chungu kikawa na tundu chini, hana haja ya kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nyumba za vioo za Ulaya, ambacho humwonya juu ya theluji na kusahau jua.

Jua lenyewe si moja. Milimani, ambako Juni na Julai ni miezi ya baridi, mmea huvumilia mwanga wa asubuhi na kiu yake ni ndogo. Umwagiliwe udongo wa juu ukikauka tu. Kule chini ziwani, penye joto, jua la mchana huugeuza manjano, na hapo baraza au kivuli cha mwembe ndiyo afya yake. Shina lililokauka likatwe karibu na udongo, si katikati. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, fundo la mizizi ling'olewe na kugawanywa kwa kisu, kila sehemu ikiwa na chipukizi na mizizi yake. Apandaye mbegu azivue nyama ya tunda na kuziloweka usiku mmoja.

Ndege hula vitunda hivyo na kudondosha mbegu mbali. Huko Australia, ulikochukuliwa kuwa pambo, mmea huu umetoroka bustani na kuhesabiwa magugu. Huku, mbegu iliyodondoshwa katika bonde la mto imerudi tu kwa jamaa zake.