Kivuli Kwenye Taya

Januari 1896, wiki chache baada ya Wilhelm Röntgen kutangaza eksirei, daktari wa meno Otto Walkhoff wa Braunschweig, Ujerumani, aliweka kipande cha kioo cha kupigia picha kinywani mwake, akatulia mbele ya mionzi kwa dakika 25. Meno yakaonekana.

Lakini picha bapa hulaza kila kitu juu ya mwenzake: jino, mfupa na njia za neva huwa vivuli vya karatasi moja. Kwenye taya la chini, karibu na mizizi ya magego ya mbele, kuna tundu la kawaida ambamo neva ya kidevu hupitia. Kivuli chake kikiangukia ncha ya mzizi, hufanana na ugonjwa, na jino zima linaweza kutobolewa bure.

Mnamo 1910, C. A. Clark wa London alieleza ujanja mwepesi: piga picha mbili, ya pili ukiwa umesogeza mtambo pembeni. Kivuli kinachohama na kuuacha mzizi si sehemu ya mzizi huo.

Fumbo gumu zaidi lilikuja 1942. Edward Stafne wa Mayo Clinic, Marekani, alieleza visa 35 vya matundu ya mviringo karibu na pembe ya taya, chini ya njia ya neva. Yalionekana kama uvimbe ndani ya mfupa. Baadaye wapasuaji waliofungua mataya ya aina hiyo mara nyingi walikuta tezi ya mate, nzima na salama, imelala kwenye kibonde cha mfupa. Wagonjwa hao walipasuliwa bila kuwa na ugonjwa.

Picha za pande tatu zilibadilisha hali hiyo. Mwaka 1998 Piero Mozzo na wenzake wa Verona, Italia, walieleza mtambo unaozungusha mwale wenye umbo la koni kuzunguka kichwa. Mwaka uliofuata Yoshinori Arai wa Japani akaeleza wake, mdogo zaidi. Sasa taya hutazamwa kipande kwa kipande, na kibonde cha Stafne huonekana waziwazi kikiwa wazi upande wa ulimi.

Hata hivyo mtambo wa aina hii hauonyeshi vizuri tishu laini, na mionzi yake kwa kawaida huzidi ya picha ndogo ya jino. Ndiyo maana mwongozo wa Tume ya Ulaya wa 2012 ulikataa utumike kwa kila mgonjwa kama desturi: kwanza historia yake isikilizwe na kinywa kichunguzwe.