Mvinyo Mwekundu wa Kiitalia, kutoka Altareni hadi Katuba

Mwaka 1910 reli ya kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka huohuo Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne alikabidhiwa Kanisa la Katanga. Reli ilileta makreti ya wafanyabiashara, Kanisa likaleta divai ya misa, ambayo sheria yake inataka iwe ya zabibu tupu, isiyoharibika. Kwa hiyo wengi waliijua divai mikononi mwa padri kabla ya kuiona mezani.

Mezani divai ilikuwa ya Wazungu: Wabelgiji, Waitalia, Wagiriki, na Wayahudi waliotoka Rhodes, kisiwa kilichokuwa chini ya Italia tangu 1912. Mwafrika aliachiwa bia. Mvinyo alinyimwa kisheria hadi miaka ya 1950. Mchimba shaba wa kampuni ya Union Minière aliweza kuadhibiwa kwa glasi moja! Katuba, mtaa wa Lubumbashi uliojengwa kwa ajili ya Waafrika baada ya Vita Kuu ya Pili, ulikulia katika katazo hilo, ukazoea bia ya Simba na vinywaji vya kienyeji, munkoyo na lutuku. Naamini ndiyo sababu hadi leo chupa ya mvinyo husubiri ndoa au komunyo ya kwanza, na ikifunguliwa wageni huitaka iwe tamu.

Mvinyo mwekundu wa Italia kwa kawaida si mtamu. Chianti, ambayo mipaka yake iliwekwa na Cosimo III, mtawala wa Toscana, mwaka 1716, hutokana hasa na zabibu ya Sangiovese: ina ukali wa limau na ukakasi unaokausha ulimi. Ukakasi huo unataka mafuta ya nyama. Tangu sheria ya Italia ya 1963, herufi DOC, na baadaye DOCG, humwambia mnunuzi kwamba zabibu zimetoka eneo lililotajwa. Tafuta herufi hizo kwenye lebo kabla ya kuuliza bei.

Lakini Italia iliyo karibu zaidi nasi iko Dodoma. Wamisionari wa Kiitalia walipanda mizabibu huko katikati ya karne iliyopita, na ardhi ile kavu ikaipokea vizuri hata ikavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Toscana haliwezekani. Baadaye, kule Hombolo, kampuni ya CETAWICO ilileta Teroldego na Marzemino, mbegu za Trentino, kaskazini mwa Italia. Malori yanayotoka Dar es Salaam hupita Tunduma, kisha Zambia, hadi Kasumbalesa; njia hiyo inapitisha saruji na vitenge kila siku. Wauza vinywaji wa Katuba waagize na mvinyo wa Dodoma.

Oktoba, joto likishika Lubumbashi, chupa iwekwe kwenye friji nusu saa, ifunguliwe, ipumue kidogo. Iandaliwe na michopo ya mbuzi yenye chumvi na pilipili, bukari pembeni.