Utunzaji wa tangi la aksolotli

Utunzaji wa tangi la aksolotli ni kazi ya kudumisha usafi na usalama wa maji anamofugwa aksolotli (jina la kisayansi: Ambystoma mexicanum), aina ya salamanda kutoka Mexico. Porini amebaki hasa katika mifereji ya Xochimilco, ndani ya Jiji la Mexico, naye yuko hatarini sana kutoweka. Huishi majini maisha yake yote na hubaki na matamvua ya nje hata akikomaa. Ngozi na matamvua yake ni laini, hivyo sumu iliyomo majini humdhuru upesi.

Amonia

Aksolotli hutoa amonia kupitia matamvua. Kinyesi na mabaki ya chakula yanapooza huiongeza. Bakteria wanaoishi kwenye chujio na mchanga huibadilisha kuwa nitriti, kisha nitrati. Amonia na nitriti zinatakiwa ziwe sifuri; nitrati, isiyo kali kama hizo, hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Sumu hizi hazionekani: maji maangavu yanaweza kuua. Kwa hiyo hupimwa kwa vipimo maalumu. Katika tangi jipya bakteria huhitaji takriban wiki 4 hadi 8 kuongezeka vya kutosha, nao hulishwa amonia kabla mnyama hajaingizwa.

Joto

Joto linalofaa ni sentigredi 16 hadi 18. Likizidi 24 mnyama hudhoofika, tena maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia kuyapoza.

Kusafisha

Kinyesi na mabaki ya chakula huondolewa kila siku. Kila wiki hubadilishwa takriban asilimia 20 hadi 25 ya maji. Maji ya bomba hutiwa kwanza dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi hakuondoi kloramini. Sabuni haitumiki kamwe. Chujio husuuzwa katika maji yaliyotolewa tangini, kwani klorini ya bombani huua bakteria. Kosa la kawaida ni kuosha tangi lote na chujio kwa siku moja: bakteria hupotea na amonia hupanda. Kokoto ndogo huepukwa kwa sababu aksolotli huzimeza zikamziba utumbo.

Dalili za hatari

Kukataa chakula, matamvua kusinyaa na ncha ya mkia kujikunja ni dalili za kupima maji mara moja. Amonia ikipatikana, mnyama huhamishiwa katika maji baridi yasiyo na klorini, yanayobadilishwa kila siku, mpaka tangi litengemae.