Vizazi vya prosesa

Kizazi cha prosesa ni kundi la prosesa ambazo kampuni moja huzitoa sokoni kwa jina la pamoja baada ya kundi lililotangulia. Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri za programu. Intel 4004, iliyotoka Novemba 1971, ilikuwa na transista 2,300. M1 ya Apple ya Novemba 2020 ina transista bilioni 16.

Huko Kaaga, kitongoji cha mji wa Meru kilichokua kandokando ya misheni ya Wamethodisti, habari hizi zinahusu karo na mfuko wa mzazi. Hapo ndipo ilipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1997 na kupata hati mwaka 2006. Mwanafunzi asiye na uwezo wa kununua laptopu mpya hutafuta iliyokwisha kutumika ng'ambo, zile ambazo wenye maduka huziita "ex-UK". Kwa njia hiyo prosesa mpya humfikia baada ya miaka kadhaa, ofisi za Ulaya zinapobadilisha mashine zao.

Swali la kwanza la mnunuzi ni kizazi cha ngapi, na jibu limo katika namba. Intel ilianza kuuza familia ya Core i mwishoni mwa 2008. Katika i5-8250U, tarakimu ya 8 iliyo mbele ndiyo kizazi. Katika i5-1135G7, kizazi ni cha 11. Herufi U huonyesha prosesa ya umeme mdogo, nayo H huonyesha yenye nguvu zaidi, inayokula betri na kutoa joto. Basi neno "i5" peke yake halisemi lolote la maana: lilikuwepo 2009 na lilikuwepo 2023. Kuuza mashine kwa jina hilo bila kutaja namba nzima ni kumnyima mnunuzi habari anayoihitaji kuliko zote.

Hata namba nzima yahitaji jicho la makini. Ryzen 5 7520U ya AMD, ya mwaka 2022, huonekana kuwa ya mfululizo wa 7000, lakini imejengwa kwa usanifu wa Zen 2 uliotoka 2019. Siri yake imo katika tarakimu ya tatu: 2 ni Zen 2, huku ndugu yake 7540U akibeba 4, yaani Zen 4. Kwa jina ni mashine za mwaka mmoja, kwa kazi haziko sawa hata kidogo. Intel nayo, ilipoacha herufi "i" na kuanza majina ya Core na Core Ultra, ilitoa Core 7 150U mwanzoni mwa 2024 ikiwa na usanifu wa kizazi cha 13.

Hatua kutoka kizazi kimoja hadi kingine si sawa kila mara. Kati ya cha 6 na cha 7 tofauti ni ndogo mno, na mtu asilipie zaidi kwa ajili yake. Kati ya cha 7 na cha 8 ni kubwa: i5-7200U ina viini viwili, i5-8250U ina vinne, na zote zimepangiwa wati 15 zilezile. Mtu anayeandika tasnifu huku stima imepotea anaijua thamani ya kazi maradufu bila kuongezewa wati.

Mpaka huohuo wa kizazi cha 8 ndio uliochaguliwa na Microsoft. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho, isipokuwa chache, pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama. Laptopu nyingi za kizazi cha 6 na cha 7 bado ni nzima kabisa. Zikiwekewa Linux, diski ya SSD na RAM ya GB 8, huandika, huhesabu na hufungua mtandao vizuri, tena huwaka upesi kuliko za kizazi cha 8 zenye diski ya kuzunguka. Kuzitupa ni hasara isiyo na sababu.

Upya nao si dhamana ya uimara. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikijipa volti nyingi kupita kiasi hadi kuharibika. Masasisho yaliyoanza Agosti mwaka huo huzuia uharibifu, lakini hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Anayenunua moja ya hizo ikiwa imetumika aulize kama BIOS ya mashine, yaani programu ya kuiwashia inayobeba masasisho hayo, ilisasishwa, na lini.

Prosesa nyingi za karibuni zina NPU, sehemu ya kukokotoa kazi za akili mnemba ndani ya mashine yenyewe. Mei 2024 Microsoft iliweka kiwango cha kompyuta za Copilot+: NPU ya operesheni trilioni 40 kwa sekunde na RAM ya GB 16. Kwa uandishi na hesabu za kawaida, NPU hiyo hukaa bila kazi. GB 16 zina faida ya kweli.

Ila RAM hiyo huja na sharti. Katika Core Ultra 200V, iliyotoka Septemba 2024, imefungwa ndani ya kifurushi kimoja na prosesa, GB 16 au 32, na hakuna fundi awezaye kuiongeza. Biashara ya laptopu zilizotumika hutegemea sana kuongeza RAM. Intel ilitangaza mwaka huohuo kwamba haitaendelea na mpango huo, na kizazi kilichofuata, Panther Lake, kimeitoa RAM nje ya kifurushi. Hata hivyo laptopu nyingi nyembamba bado huunganishiwa RAM moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo mnunuzi anapaswa kuuliza kama ina nafasi ya kuchomeka nyingine kabla ya kulipa.