Hamira, kutoka Pipa la Bia hadi Chanjo ya Kumeza

Neno chanjo limetokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo ili dawa ipenye. Ndiyo maana wazo la kumeza chanjo iliyobebwa na hamira, ile ile inayoumua maandazi, huwashangaza wengi. Baadhi ya wanaolitetea husema kwamba kinacholiwa kila siku hakiwezi kudhuru. Hoja hiyo ni dhaifu, na historia inatupa iliyo bora zaidi: hamira iliaminiwa katika tiba baada ya watu kujifunza kuitawala, na somo hilo lilianzia kwenye bia. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kukuza hamira safi iliyotokana na seli moja tu. Bia iliyokuwa ikiharibiwa na hamira za porini ikapata mbegu moja ya kutegemewa, pipa baada ya pipa.

Uthabiti huo ndio uliohitajika karibu karne moja baadaye. Chanjo ya homa ya ini aina B iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981 ilitokana na damu ya watu wenye maambukizi. Ilisafishwa kwa makini, lakini malighafi yake ilikuwa haba na wengi waliiogopa. Mwaka 1982 watafiti walionyesha kuwa hamira iliyopandikizwa jeni ya kirusi cha homa hiyo huunda protini ya ganda la kirusi hicho. Mwaka 1986 chanjo ya hamira ikaidhinishwa, nayo protini ilichujwa na kudungwa kwa sindano. Chanjo ya kumeza inapiga hatua moja mbele: seli ya hamira inaachwa nzima, ili ukuta wake mgumu uikinge protini dhidi ya tindikali ya tumbo.

Wapinzani wanakumbusha kwamba utumbo umezoea kuvumilia chakula, hivyo protini inayomezwa huenda ikaufundisha mwili kunyamaza badala ya kujihami. Pingamizi hili ni zito. Matone ya polio yamethibitisha kuwa kinga yaweza kupitia kinywani, ila yana virusi hai vilivyodhoofishwa, vinavyozaliana utumboni. Hamira kwa kawaida haizaliani hivyo. Basi kipimo, marudio na usalama wake lazima vithibitishwe kwa majaribio, kama dawa yoyote. Zahanati ya mbali inastahili chanjo isiyohitaji sindano, na inastahili pia uangalifu ule ule ambao Hansen aliupa pipa la bia.