'Ie Samoa: Mkeka Usiokaliwa, Ila Unaweza Kukuokolea Maisha

Ukiskia neno mkeka, akili inakimbia kwa kitu ya kutandika chini. Samoa, kule Bahari ya Pasifiki, kuna mkeka hakuna mtu hukalia. Unaitwa 'ie Samoa, ama 'ie toga, na hiyo 'ie maanake ni nguo. Cheki rada yake.

Unasukwa aje?
Akina mama huchukua majani ya mmea wa jamii ya mkadi, wanayachemsha, wanayaanika, halafu wanayapasua mpaka yanakuwa nyuzi nyembamba sana. Kazi yote ni ya mikono. Mkeka mmoja mzuri unaweza kula miezi mingi, hata miaka. Ukimaliza unakuwa laini kama kitambaa, na pindo linawekwa manyoya mekundu ya ndege.

Thamani yake iko wapi?
Mkeka wa zamani ndio una heshima. Kadiri ulivyopita mikono mingi, ndivyo unabeba historia ya familia nyingi, na kuna yenye imepewa majina kama watu. Hutolewa kwa harusi, matanga na mtu akivishwa cheo cha uchifu.

Ifoga: kuomba msamaha bila maneno
Hapa ndio mambo ni mazito. Mtu wa familia yenu akiua mtu, chifu wenu anaamka kabla ya jua, anaenda kupiga magoti nje ya boma la waliofiwa, amejifunika huo mkeka. Zamani walibeba pia kuni na mawe ya kupikia, yaani mko na haki ya kutupika. Hakuna kujitetea. Anangoja tu. Waliofiwa wakitoka na kumfunua, wamesamehe. Wakikataa, anaweza kupigwa hapo hapo.

Waziri mkuu akafunikwa
Agosti 1, 2021, Jacinda Ardern, akiwa waziri mkuu wa New Zealand, alifunikwa 'ie toga ndani ya Auckland Town Hall. Alikuwa anaombea serikali msamaha kwa misako ya miaka ya 1970, wakati polisi walivamia nyumba alfajiri kutafuta wageni ambao viza zimeisha. Watu wa visiwa vya Pasifiki ndio waliandamwa, ilhali Waingereza na Wamarekani waliopitisha muda hawakusumbuliwa hivyo. Mkeka ulitolewa na watu wa jamii zilizoumizwa.

Ulikaribia kupotea
Kuna wakati mikeka ya haraka haraka, yenye nyuzi nene, ilijaa kwa sherehe. Wasusi wakarudia ufundi wa kale, na 2019 UNESCO ikauweka kwa orodha ya turathi za dunia zisizoshikika.

Kwa hivyo ukiona picha ya mtu amefunikwa mkeka, usicheke. Aliyekosewa ndiye anashika uamuzi wote, na aliyekosea hata uso wake hauonekani.